Sumner: Mkemia wa mkono mmoja aliyeambiwa akasomee sheria

Hebu tuanze na kitu kidogo sana. Siku ukipata nafasi ya kuingia katika maabara ya utafiti wa dawa, omba ufunguliwe friji ile kubwa inayogandisha vitu hadi nyuzi 80 chini ya sufuri. Ndani utaona visanduku vimepangwa, na ndani ya visanduku mna vichupa vya plastiki, kila kimoja kidogo kuliko kidole chako. Soma lebo ya kimojawapo. Huenda imeandikwa kwamba humo mna kimeng'enya cha binadamu.

Usishtuke. Hakuna mtu aliyekatwa kipande cha mwili ili kichupa hicho kijazwe. Yaliyomo yametengenezwa na bakteria. Watafiti walichukua jeni ya binadamu, wakawapachika bakteria hao, nao wakaifuata jinsi fundi anavyofuata ramani ya nyumba. Matone machache ya maji maji, basi. Lakini kwa matone hayo mtafiti anaweza kujaribu dawa mpya mchana kutwa bila kumgusa mgonjwa hata mmoja.

Kazi hiyo yote imesimama juu ya sentensi moja fupi: kimeng'enya ni protini. Wewe pengine uliikariri shuleni ukaiandika kwenye mtihani, ukapata alama yako na kusahau. Hukujua kwamba miaka 100 iliyopita mtu aliyetamka maneno hayo alichekwa na maprofesa wenye majina makubwa duniani.

Mtu huyo aliitwa James Batcheller Sumner. Alikuwa Mmarekani, alikuwa na mkono mmoja, na alithibitisha maneno yake kwa kutumia maharagwe.

Siku ya kuwinda

Sumner alizaliwa Novemba 19, 1887, katika mji wa Canton, jimbo la Massachusetts, si mbali na Boston. Tusidanganyane, hakuzaliwa katika dhiki. Baba yake alikuwa na shamba kubwa, na mjomba wake alikuwa na kiwanda cha pamba. Alipelekwa shule nzuri, Roxbury Latin School, na huko karibu kila somo lilimchosha. Mawili tu ndiyo yaliyomfungua macho: fizikia na kemia.

Nje ya darasa alipenda bunduki na kuwinda. Akiwa na miaka 17 alitoka na mwenzake kwenda kuwinda ndege porini. Bunduki ya mwenzake ikafyatuka kwa bahati mbaya, na risasi zikampata Sumner kwenye mkono wa kushoto. Madaktari walilazimika kuukata chini kidogo ya kiwiko.

Sasa ongeza hili. Sumner alikuwa mtu wa mashoto. Mkono uliokatwa ndio aliokuwa akiandikia na kushikia kila kitu. Fikiria wewe leo uambiwe kwamba kuanzia kesho utaandika, utafunga vifungo vya shati na kukata mkate kwa mkono ambao hujawahi kuutegemea, na wa kuusaidia hakuna. Kijana huyo alianza upya kama mtoto wa chekechea.

Hakuishia kujifunza kuandika tu. Alijitosa kwenye michezo kana kwamba ana deni la kulipa: tenisi, kuteleza kwenye theluji, kuteleza kwenye barafu, biliadi, hata kulenga shabaha. Ndiyo, alirudi kwenye bunduki. Tenisi ndiyo ya kukufikirisha zaidi, kwa sababu mwenye mikono miwili hurusha mpira kwa mmoja na kuupiga kwa mwingine. Yeye alitafuta njia yake.

Ushauri wa profesa

Mnamo 1906 aliingia Chuo Kikuu cha Harvard, na 1910 akahitimu, kemia ikiwa somo lake. Kwa muda mfupi alifanya kazi katika kiwanda cha mjomba wake, kazi ambayo wengi wangeing'ang'ania. Yeye haikumvutia hata kidogo. Akaenda kufundisha Canada kwa muhula mmoja, kisha akawa msaidizi wa somo la kemia katika chuo cha Worcester, Massachusetts. Mwaka wa 1912 akaiacha kazi hiyo. Alitaka kurudi Harvard, kitivo cha tiba, kusomea kemia ya viumbe hai.

Huko alimkuta Profesa Otto Folin, bingwa wa kupima kemikali za damu na mkojo. Folin alimtazama kijana aliyesimama mbele yake, akautazama mkono uliokosekana, akampa ushauri: akasomee sheria. Mtu wa mkono mmoja, kwa maoni yake, hangeweza kufaulu katika kemia.

Usimchukie Folin haraka. Katika maabara za wakati huo kila kitu kilikuwa cha kioo na cha mkono: chupa za kuinua, mirija ya kushikilia, moto wa kuchungwa, vimiminika vya kumimina tone kwa tone. Mtu mwenye mikono miwili mwenyewe alivunja vitu. Yawezekana profesa aliona anamwepusha kijana na aibu. Na ushauri mbaya wa aina hii ndio mgumu kuukataa, kwa sababu anayeutoa anaonekana kukutakia mema.

Sumner aliusikia, akabaki. Folin naye, kwa heshima yake, alimkubali na kumfundisha. Juni 1914 yule asiyeweza kufaulu katika kemia alipata shahada ya uzamifu.

Miezi michache baadaye alikuwa matembezini Ulaya vita vya kwanza vya dunia vilipolipuka. Akakwama Uswisi kwa karibu mwezi mzima. Akiwa huko huko akapokea simu ya maandishi kutoka Marekani: Chuo Kikuu cha Cornell kilimtaka awe profesa msaidizi wa kemia ya viumbe hai, mjini Ithaca, jimbo la New York. Hapo ndipo alipokaa karibu maisha yake yote ya kazi.

Kwanza, kimeng'enya ni kitu gani?

Tusimame hapa kidogo ili tuelewane. Tafuna kipande cha ugali polepole bila kumeza. Baada ya muda utaanza kuhisi utamu. Mate yako yana kimeng'enya kinachokata wanga kuwa sukari. Mwilini mwako kuna vimeng'enya vya maelfu ya aina, kila kimoja na kazi yake. Kimoja kinavunja, kingine kinaunganisha. Bila hivyo, kazi ambazo mwili hufanya kwa sekunde zingechukua miaka, nawe usingekuwa hai kusoma makala haya.

Mwanzoni mwa karne ya 20 wanasayansi walijua kwamba vimeng'enya vipo. Eduard Buchner, Mjerumani, alikuwa ameonyesha mwaka wa 1897 kwamba juisi ya hamira inaweza kugeuza sukari kuwa pombe hata kama seli zote za hamira zimesagwa. Kwa hivyo kulikuwa na kitu ndani ya juisi hiyo. Lakini kitu gani? Hakuna aliyekuwa amekiona. Ilikuwa kama kusikia muziki kutoka nyumba ya jirani bila kujua ni redio, ni bendi, au ni mtu na gitaa lake.

Aliyeheshimika kuliko wote katika mjadala huo alikuwa Richard Willstätter wa Ujerumani, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya 1915 kwa kazi yake juu ya rangi za mimea, ikiwemo ile ya kijani ya majani. Yeye na wanafunzi wake walisafisha vimeng'enya hadi vipimo vyao vikashindwa kuona protini yoyote ndani ya chupa, na bado kazi ya kimeng'enya iliendelea. Wakahitimisha kwamba kimeng'enya si protini.

Chukua mfano wa matatu. Kwa Willstätter, protini ilikuwa matatu tu. Kimeng'enya chenyewe kilikuwa abiria, molekuli ndogo iliyopanda ndani, na matatu haikuwa na kazi zaidi ya kuibeba. Kosa lake lilikuwa jepesi kuona leo, ila si wakati ule: vimeng'enya hufanya kazi hata vikiwa vichache mno, na vipimo vyake havikuwa vikali vya kutosha kuiona protini kidogo iliyobaki.

Maharagwe na madirisha

Huko Ithaca, Sumner hakuwa na bahati. Utafiti wake wa kwanza kuhusu njia za kupima kemikali haukuzaa lolote la maana, japo alijituma. Muda wa utafiti ulikuwa mdogo, vifaa vichache, pesa chache, wasaidizi wachache. Mtu wa kawaida katika hali hiyo angechagua mradi mdogo salama.

Mwaka wa 1917, akiwa na miaka 29, alifanya kinyume. Aliamua kukitoa kimeng'enya kikiwa safi, peke yake, kitu ambacho hakuna mtu duniani alikuwa amekifanya. Hesabu yake ilikuwa hivi: kwa kuwa nina nafasi chache, afadhali nizitumie kwa jambo kubwa. Watu kadhaa walimwambia huo ni upuuzi. Yeye akaona kwamba kama wengi wanadhani haiwezekani, basi akifaulu itakuwa na thamani kweli.

Alichagua kimeng'enya kinachoitwa yureasi. Kazi yake unaijua kwa pua. Umewahi kupita karibu na ukuta ambao watu wameugeuza choo, ule unaokufanya uzibe pua na kuharakisha? Mkojo mbichi haunuki vile. Ndani yake mna yurea, na bakteria wenye yureasi huivunja yurea hiyo ikawa amonia na hewa ya kaboni. Amonia ndiyo inayokuchoma pua. Mkulima anayemwaga mbolea ya yurea shambani naye anaitegemea yureasi iliyo udongoni.

Yureasi pia imejaa kwenye maharagwe fulani makubwa meupe, yenye maganda marefu kama panga. Wataalamu wa mimea huyaita Canavalia ensiformis. Sumner akayasaga yakawa unga, akaanza kuosha, kuchuja na kutenganisha. Wazo lilikuwa la kawaida kabisa: ondoa mafuta, ondoa wanga, ondoa kila kisichohitajika, ubaki na kimoja tu.

Kusema ni rahisi. Yureasi huharibika haraka mahali penye joto, na mwanzoni maabara yake haikuwa na hata sanduku la barafu. Basi walikuwa wakichanganya unga huo na maji na pombe, wakauchuja, kisha wakaviweka vyombo kwenye vizingiti vya madirisha usiku na kuomba baridi ije. Profesa wa chuo kikuu, anaangalia mawingu jioni kama muuza mahindi choma anayehofia mvua.

Miaka ikapita. Unga, chujio, dirisha, hakuna kitu. Unga, chujio, dirisha, hakuna kitu.

Mnamo 1921 ulitokea mwanya. Alipata ufadhili wa kwenda Ubelgiji, akapanga kufanya kazi mjini Brussels na Jean Effront, mtaalamu aliyekuwa ameandika vitabu kuhusu vimeng'enya. Effront alipousikia mpango wake aliuona ni kichekesho. Safari ya kikazi ikafia hapo. Sumner akarudi kwa maharagwe yake Ithaca.

Tua hapo kidogo ujiulize. Profesa wa kwanza alimwambia hafai kwa sababu ya mkono. Mtaalamu huyu alimwambia wazo lenyewe halifai. Kati ya hayo mawili, lipi lingekuvunja wewe?

Asubuhi moja ya 1926

Mwaka wa 1926, baada ya miaka tisa, Sumner alibadilisha kitu kimoja. Badala ya pombe alitumia asetoni. Unaijua, ni ile dawa yenye harufu kali inayotumika kutoa rangi ya kucha. Akaichanganya na maji hadi ikawa karibu theluthi moja, akamwagia unga wa maharagwe, akauacha mchanganyiko ujichuje usiku kucha mahali pa baridi.

Asubuhi alichukua tone la maji yaliyochujika akaliweka chini ya hadubini. Akaona fuwele. Vipande vidogo sana vyenye umbo safi la pande nane, kama vito vilivyokatwa na sonara.

Kama hujui kwa nini moyo wake ulidunda, fikiria chumvi. Ukikausha maji ya bahari, chumvi hujipanga yenyewe katika vipande vyenye pembe sawa, kwa sababu chembe zinazofanana hupangana vizuri. Mchanganyiko wa takataka haujipangi hivyo. Kuona fuwele kulimaanisha kuna kitu kimoja kilichojitenga na vingine.

Alizikusanya fuwele hizo, akaziyeyusha kwenye maji, akapima. Yurea ilivunjwa kwa kasi kubwa mno. Akazipima tena kujua zimeundwa na nini. Zilikuwa protini. Sumner akamwendea simu, akampigia mke wake na kumweleza kwamba amepata fuwele za kimeng'enya cha kwanza duniani.

Mwaka huo huo aliandika makala fupi katika Journal of Biological Chemistry, akaeleza njia yake hatua kwa hatua. Ilikuwa rahisi hata inashangaza: unga wa maharagwe, asetoni, maji, chujio na baridi.

Kisha, kimya

Ungedhani dunia ingesimama kushangilia. Haikusimama. Wanakemia wengi waliipuuza kazi yake au hawakuiamini. Willstätter na wafuasi wake walikuwa na jibu tayari: Sumner amepata fuwele za matatu, na abiria amejificha ndani. Protini hiyo, walisema, imechafuliwa tu na kimeng'enya halisi.

Na kweli, ungemwamini nani? Upande mmoja mshindi wa Nobel na shule nzima ya wasomi wa Ujerumani. Upande wa pili profesa msaidizi kutoka mji mdogo wa baridi, asiye na vifaa.

Hapa ndipo hadithi ya Sumner inapoachana na zile simulizi za mitandaoni kwamba ukiwa mbishi tu utashinda. Ubishi peke yake haujawahi kuthibitisha kitu. Wapo wabishi wengi waliokosea hadi kaburini. Tofauti ya Sumner ni kwamba alirudi kwenye meza ya maabara akatafuta njia za kujipinga mwenyewe. Aliziyeyusha fuwele akaziunda upya. Nguvu ya kimeng'enya haikuachana na protini. Ilipoharibiwa protini, kazi ya kimeng'enya nayo ilikufa. Yeye na mwenzake hata walidunga sungura yureasi hiyo, na miili ya sungura ikatengeneza kingamwili dhidi yake. Kila mara jibu lilikuwa lile lile: abiria hayupo, matatu ndiyo inayofanya kazi.

Zaidi ya hayo, aliwapa watu wote njia yake. Yeyote mwenye maharagwe na asetoni angeweza kujaribu.

Mtu aliyeivunja ngome hatimaye alikuwa John Northrop, wa Taasisi ya Rockefeller. Mwaka wa 1930 Northrop alipata fuwele za pepsini, kimeng'enya cha tumboni kinachomeng'enya nyama, kisha akapata na vingine. Vyote protini. Sasa haikuwa tena maharagwe ya Sumner peke yake. Wapinzani wakaanza kukubali mmoja mmoja, Willstätter akiwa wa mwisho.

Cornell ilikuwa imempandisha Sumner kuwa profesa kamili mwaka wa 1929. Mnamo 1937 alikwenda Uppsala, Uswidi, akafanya kazi miezi mitano katika maabara ya The Svedberg, na Stockholm ikamtunuku nishani ya Scheele. Mwaka huo huo, yeye na Alexander Dounce walipata fuwele za katalasi kutoka kwa ini la ng'ombe. Katalasi ndiyo inayofanya ile dawa ya kusafisha vidonda itoe povu jeupe inapogusa damu.

Mwaka wa 1946 simu ya Nobel ikafika. Tuzo ya Kemia ilikatwa nusu kwa nusu: nusu moja kwa Sumner, na nyingine wakagawana Northrop na Wendell Stanley, aliyekuwa amepata fuwele za virusi vya ugonjwa wa tumbaku. Sumner alikuwa na miaka 59. Tangu siku alipoanza kusaga maharagwe ilikuwa imepita miaka 29.

Mtu, si sanamu

Tusimfanye malaika. Maisha yake ya nyumbani hayakunyooka kama fuwele zake. Alioa mara tatu, na ndoa ya kwanza, iliyompa watoto watano, ilivunjika wakati ambapo kazini alikuwa bado anapigania kuaminiwa. Miaka mingi ya kukesha na chupa ina gharama, na mara nyingi gharama hiyo hulipwa na watu wa nyumbani ambao hawapewi nishani.

Na kumbuka tulikoanzia. Familia yake ilikuwa na uwezo. Alipoacha kiwanda cha mjomba hakulala njaa. Kijana asiye na kitu, mwenye ulemavu kama wake, angekata tamaa mapema zaidi, si kwa kukosa akili bali kwa kukosa nauli. Kwa hivyo hadithi hii si ya kumwambia kila mtu ajikaze tu. Ni ya kuuliza pia ni akina Sumner wangapi tuliowarudisha mlangoni kwa sababu tulitazama mkono, kiti cha magurudumu au fimbo nyeupe kabla ya kutazama kazi.

Sumner alifariki Agosti 12, 1955, mjini Buffalo, kwa saratani, akiwa na miaka 67. Alikuwa anajiandaa kustaafu, na hata kustaafu kwenyewe hakukuwa kwa kupumzika: alikuwa na mpango wa kwenda Brazil kusaidia kuanzisha maabara ya vimeng'enya.

Miaka 20 baada ya kifo chake, mnamo 1975, watafiti waligundua jambo ambalo lingemfurahisha hata Willstätter kidogo. Ndani ya yureasi ya maharagwe kuna chembe za madini ya nikeli, na bila hizo haifanyi kazi. Ilikuwa mara ya kwanza nikeli kuonekana katika kimeng'enya. Kumbe kwenye matatu kulikuwa na kondakta! Lakini kondakta bila gari haendi popote. Nikeli peke yake haivunji yurea. Ni lazima ishikwe na protini iliyokunjwa sawasawa.

Turudi kwenye kile kichupa

Sasa unaona kwa nini tulianza na friji. Jeni ni maagizo ya kutengeneza protini. Kama vimeng'enya vingekuwa abiria wasiojulikana, kama alivyodhani Willstätter, basi kumpa bakteria jeni ya binadamu kungekupa matatu tupu. Lakini kwa kuwa kimeng'enya ndicho protini, ukipata jeni yake umepata njia ya kukitengeneza. Mwaka wa 1978 watafiti Marekani walifaulu kuwafanya bakteria watengeneze insulini ya binadamu, ambayo ni protini ingawa si kimeng'enya, na kufikia 1982 iliruhusiwa kutumiwa na wagonjwa wa kisukari. Mlango ulikuwa wazi.

Vimeng'enya vikafuata. Mwili wako una kimeng'enya kinachoyeyusha damu iliyoganda. Kinapatikana kidogo mno kuweza kukusanywa kutoka kwa watu, hivyo jeni yake iliwekwa katika seli za mnyama mdogo aitwaye hamsta, nazo zikakitengeneza kwa wingi. Tangu 1987 kimeidhinishwa Marekani kama dawa ya mshtuko wa moyo, na baadaye kiharusi. Mgonjwa akifikishwa hospitalini mapema, kinaweza kufungua mshipa ulioziba.

Katika maabara za utafiti kazi ni tofauti kidogo. Dawa nyingi hufanya kazi kwa kukizuia kimeng'enya fulani. Ibuprofen unayonunua ukiumwa na jino huzuia vimeng'enya vinavyotengeneza kemikali za maumivu. Mtafiti anayetafuta dawa bora huchukua kimeng'enya cha binadamu kilichotengenezwa na bakteria, akakiweka kwenye vijishimo vidogo, kila kishimo akakitia kemikali tofauti, kisha akangoja aone kipi kimepunguza kasi. Ili kukitoa kimeng'enya hicho kwenye mchuzi wa bakteria, mara nyingi hukipitisha kwenye chembe zilizopakwa nikeli, ambazo hukinasa na kuacha takataka zipite. Ni kazi ile ile ya Sumner: ondoa kisichohitajika, ubaki na kimoja.

Hata yureasi yenyewe haijastaafu. Hospitalini hutumika kupima yurea katika damu ili kujua kama figo zinafanya kazi. Na bakteria wanaosababisha vidonda vya tumbo huishi kwenye asidi ya tumbo kwa sababu wana yureasi inayowatengenezea amonia ya kujikinga. Ndiyo maana kuna kipimo ambapo mgonjwa hupewa yurea maalum anywe, kisha anapuliza pumzi. Kama bakteria wapo, pumzi inawasema.

Kwa hivyo siku daktari akikuandikia kipimo cha figo, au ukipita ule ukuta unaonuka ukaziba pua, mkumbuke kijana wa mashoto aliyebaki na mkono wa kulia. Aliambiwa akasomee sheria. Akaenda kusaga maharagwe, akayaweka dirishani, akangoja baridi.